Tunaulizia Ushungi, Hatuulizii Ukweli

Katika miezi ya karibuni safu hii imepokea swali moja kwa sura nyingi, na wengi wa waulizaji ni akina mama wa hapa Bagamoyo, na wengine wa Kerege, Mapinga na Bunju. Watoto wako likizo, simu ziko mikononi, king'amuzi kiko sebuleni. Je, watazame nini? Baadhi yao walitaka fatwa. Fatwa ina wenyewe, na hukumu ya picha masheikh wetu wameieleza darsani mara nyingi, kila mmoja kwa dalili zake. Ninachoweza kukitoa mimi ni rai ya mzazi aliyezitazama filamu kadhaa msimu huu, nyingine pamoja na familia na nyingine peke yake baada ya watoto kulala, akaona zipo zinazostahili mazungumzo ya nyumbani.

Kabla sijazitaja, niseme neno juu ya namna tunavyozipima. Mzazi wa Kiislamu anapoingia sebuleni na kukuta filamu inaendelea, jambo la kwanza analolitazama ni mavazi. Mwanamke amejifunika? Basi hiyo ni nzuri, endeleeni. Hakujifunika? Zimeni. Sisemi kipimo hiki hakina maana, kwa kuwa haya ni sehemu ya imani. Ila kipimo hiki peke yake kimetuponza. Tazameni filamu zetu za Bongo, zile za mikanda ya kaseti na zile za leo. Mganga wa kienyeji akitakiwa, huvalishwa kanzu na kofia, huwekewa tasbihi mkononi na ubani mbele yake. Jini likitakiwa, huwa mwanamke mzuri mwenye baibui anayetokea pwani usiku. Wote hao wamejifunika barabara! Mtoto akikaa mbele ya picha za namna hiyo miaka kumi, hujifunza kwamba vazi la babu yake ni vazi la ramli. Kwa hiyo swali ninaloliuliza mimi ni jingine: je, hayo yanayosemwa juu yetu ni kweli? Yakiwa ya uongo, ushungi hauyasafishi. Yakiwa kweli, inatupasa kuyasikiliza hata kama msemaji hakuvaa tunavyotaka.

Ya kwanza wengi wenu mnaijua: Ar-Risala, ya mwaka 1976, aliyoiongoza Moustapha Akkad, Msyria aliyehamia Marekani. Kila Idi huzungushwa majumbani, na sina mengi ya kuongeza. Wachache wanajua kwamba Akkad aliipiga mara mbili, kwa waigizaji wawili wawili. Anthony Quinn ni Hamza katika nakala ya Kiingereza, na Abdullah Gaith ni Hamza katika nakala ya Kiarabu, mandhari yakiwa yale yale. Mtume (s.a.w.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki, wanaosema naye hututazama sisi. Mwenye kuweza aitafute ile ya Kiarabu, kwani Hind wa Muna Wassef anatisha zaidi, na lugha inakaa mahali pake. Akkad mwenyewe aliuawa pamoja na binti yake katika milipuko ya hoteli za Amman, Novemba 2005, milipuko iliyotegwa na watu waliodai wanaitetea dini ambayo yeye aliitumikia kwa kamera. Jambo hilo huwa nalifikiri kila ninapoiona filamu hii.

Iliyotupendeza sote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, ni ya Iran, ya mwaka 1997, kazi ya Majid Majidi. Kwa Kiingereza huitwa Children of Heaven. Sisi nyumbani tumeiita Watoto wa Peponi. Kisa chake ni chepesi hata unaona aibu kukisimulia. Mvulana aitwaye Ali anapeleka viatu vya dada yake, Zahra, kwa fundi. Akirudi, anavipoteza sokoni. Baba hana fedha, kodi ya nyumba inadaiwa, mama mgonjwa. Ndugu hao wawili wanapatana wasiseme kitu: Zahra atavaa raba za Ali asubuhi, kisha atakimbia kumpokeza njiani ili naye awahi shule ya mchana. Filamu nzima ni hiyo. Hakuna bunduki, hakuna mapenzi, hakuna anayepiga kelele isipokuwa mwalimu mkuu anayemgombeza Ali kwa kuchelewa.

Watoto wa shule zetu zenye awamu mbili hawahitaji kuelezwa chochote hapo. Binti yangu wa miaka minane aliitazama akiwa amekunja miguu, na kiatu cha Zahra kilipotumbukia mfereji wa maji yendayo kasi alisimama kabisa.

Mimi nilisimamishwa na mahali pengine, padogo, ambapo mtazamaji mwenye haraka hapaoni. Baba yao amepewa na msikiti kazi ya kuvunja mabonge ya sukari yatakayotumika kwa chai ya waumini. Amekaa sakafuni, sukari imejaa mbele yake. Zahra anamletea kikombe cha chai, naye baba anaagiza aletewe sukari. Mtoto anashangaa: si hiyo hapo imekuzunguka? Baba anamjibu kwamba hiyo ni ya msikiti, amekabidhiwa tu. Basi, chai inasubiri sukari ya nyumbani, na filamu inaendelea bila muziki wa kutuzindua kwamba tumepita mahali pakubwa. Mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la sadaka, funguo za sanduku, au hata madumu ya maji ya msikiti anajua uzito wa bonge lile moja. Tumehutubia juu ya amana Ijumaa nyingi; sikumbuki hotuba iliyolifikisha jambo kwa mtoto kwa wepesi huo.

Tena yuko yule msichana mwingine. Zahra anaviona viatu vyake shuleni, miguuni mwa mwenzake. Ndugu hao wanamfuatilia hadi kwao wakiwa tayari kudai haki yao, wanajificha pembeni, na wanamwona akimshika mkono baba yake, naye ni kipofu. Wanatazamana, kisha wanageuka na kuondoka. Hakuna neno linalosemwa. Nilimuuliza mwanangu mkubwa, kwa nini hawakudai? Akanijibu kwamba wale ni maskini kuliko wao. Sikumwongezea kitu.

Sasa nije kwenye ile iliyozusha ubishi, si nyumbani tu bali hata barazani baada ya Isha. Nayo ni Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ile ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Ilionyeshwa Toronto mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ndiyo iliyopelekwa kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Oscar. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza yungali madarakani. Yasmin, binti wa Kihindi wa Kizanzibari, ameozwa kwa mume aliyempita umri kwa miaka mingi. Anatoroka. Anahifadhiwa na Mwajuma, na kwa njia hiyo anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kusakwa na polisi.

Nianze na sifa, kwa kuwa ni haki yake. Kiswahili cha filamu hii ni cha watu, hakikutafsiriwa kutoka kwenye karatasi za Kiingereza. Watu wanasemana kama wanavyosemana Ng'ambo, kwa mafumbo na kwa kukatizana. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimepigwa kwa taa hafifu hata unahisi joto la kuta. Ikhlas Gafur Vora, anayemwigiza Yasmin, hasemi mengi, lakini uso wake unabeba nusu ya kisa. Mwendo ni wa polepole, na vijana waliozoea filamu za kupigana, zile zinazotafsiriwa kwa sauti ya DJ katika vibanda umiza, hawatavumilia robo saa.

Kasoro yake kwetu ni wazi. Mapenzi ya Denge na Yasmin yako nje ya ndoa, na kamera haikugeuza uso mahali ambapo ingeweza kugeuza. Kwa sababu hiyo siiwekei alama ya kutazamwa na watoto, na hata wakubwa wakae wakijua wanachokitazama. Mzee mmoja wa msikiti wetu, ambaye namheshimu kwa elimu na kwa umri, alinihoji kwa ukali: vipi katibu anaisifu filamu inayomfundisha mke wa mtu kutoroka? Nilimjibu kwa adabu, na jibu langu nalirudia hapa, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Sisi tuliukasirikia mwisho wa kisa, tukauruka mwanzo wake. Yasmin hakutoka nyumbani kwa sababu ya Denge. Hakuwa amemjua bado. Alitoka kwa sababu aliingizwa katika nyumba ile bila kuulizwa. Nani aliyemwingiza? Siye Mwingereza. Ni watu wazima wenye heshima zao, waliokula pilau la harusi, wakaomba dua na kuitikia amina. Sehemu hiyo ya filamu inatuhusu sisi tunaokaa safu ya mbele, na ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeilalamikia barazani.

Waliosoma fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo fikihi ya pwani hii, watanikumbusha kwamba vitabu vyetu vinampa baba haki ya kumwoza binti bikira bila idhini yake, naye huitwa walii mujbir. Kweli vinampa. Lakini soma mstari unaofuata, ndugu yangu, usifunge kitabu. Wanazuoni hao hao waliifunga haki ile kwa masharti: pasiwe na uadui wa wazi baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, mahari yasiwe chini ya mahari ya wanawake mfano wake, na mume awe na uwezo wa kuyatoa. Wapo waliozidisha kwamba asiozwe mtu ambaye kuishi naye kutamdhuru, na mfano walioutaja kwa jina ni mzee aliyechakaa kwa umri. Mfano huo uliandikwa karne nyingi kabla Adam Shafi hajashika kalamu. Na juu ya masharti yote hayo walisema kumtaka binti shauri ni sunna. Sisi tumeichukua ruhusa tukaiacha kamba yake. Nayo sheria ya nchi imekwisha kusema neno lake: Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilivibatilisha vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo mwaka 2019.

Tumesahau pia visa vya Madina. Khansaa bint Khidham aliozwa na baba yake naye hataki, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikarudishwa. Mke wa Thabit bin Qays hakumtia mumewe ila ya dini wala tabia. Hakuweza tu kuishi naye. Akaambiwa amrudishie bustani yake, wakaachana. Na Barira! Alipopata uhuru wake alichagua kumwacha Mughith, naye Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamwombea. Barira akauliza kama ile ilikuwa amri. Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Akasema hana haja naye, na hakuna aliyemlaumu. Laiti ningekuwa mwongozaji wa filamu, ningekitamani kisa hicho. Yasmin wa filamu hakumpata wa kumwendea kama alivyompata Khansaa, basi akaenda alikofunguliwa mlango.

Katika msikiti wetu tuna utaratibu, kabla ya akdi yoyote, wa kuwatuma wanawake wawili wa makamo kwenda kumsikiliza binti faraghani. Siku moja aliletwa mchumba ambaye ni rika la baba wa binti, mtu mwema na mwenye uwezo. Binti ana miaka 18, ametoka kumaliza kidato cha nne. Wale akina mama wakarudi. Mmoja akasema binti amenyamaza, na kimya cha bikira ni idhini, ndivyo tulivyosoma. Mwenzake, bibi asiyejua kusoma, akamkatiza: kuna kimya cha haya na kuna kimya cha hofu, na mimi nimezaa mabinti watano, navijua vyote viwili. Sheikh akaakhirisha akdi kwa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo binti akafunguka kwa mjomba wake, na ndoa ile haikufungwa. Baba alikasirika, akahama msikiti kwa muda. Alipotutembelea tena, alikuja kuomba barua ya utambulisho ya binti huyo huyo kwa ajili ya chuo.

Kutoka Unguja twende Lamu, katika filamu ya Kenya iitwayo Subira, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Sippy Chadha, na ambayo Kenya iliipeleka Oscar mwaka uliofuata. Binti wa Lamu anaipenda bahari, anataka kuogelea. Ada za mji zinamkataza. Anaozwa kwa mpango wa wazee na kupelekwa Nairobi, na huko pia bahari haimtoki moyoni. Brenda Wairimu anamwigiza kwa ukakamavu mzuri. Kama filamu, naiona imepungukiwa: watu wa Lamu wamechorwa kwa mstari mmoja mnene, kana kwamba mji mzima hauna kazi ila kumkataza msichana mmoja. Huu ndio ukweli nusu niliousema mwanzo. Sisi watu wa pwani tunawajua wanawake wanaoingia baharini hadi kifuani, wakitanda uduvi kwa vitambaa, nguo zao zikiwa miilini na watoto wao wakiwasubiri ufukweni. Bahari haikuwahi kuwa haramu kwa mwanamke.

Lakini nusu nyingine ya ukweli ipo, nayo inauma. Wavulana wetu hujifunza kuogelea wenyewe kwa wenyewe, kwa kutoroka madrasa. Wasichana hawafundishwi na yeyote. Halafu tunawapandisha melini kwenda Unguja kwenye harusi na maziko. Mnakumbuka Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipopinduka karibu na Chumbe. Waliofariki walikuwa mamia, na miongoni mwao akina mama na watoto hawakuhesabika kwa vidole. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote katika bahari ile iliyochafuka. Nauliza tu, ni aya gani inayotuzuia kumfundisha binti kuelea? Kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) imepokewa nasaha ya kuwafundisha watoto kuogelea, na Nungwi wapo wasichana ambao wamefundishwa na wanawake wenzao, wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Hapa kwetu maji kupwa yanaacha vidimbwi vizuri, alfajiri hakuna mtu, na akina mama wanaojua bahari tunao. Filamu isiyo nzuri sana imenifanya nilifikirie jambo hili kuliko filamu nzuri.

Watu Wote ni fupi, dakika 22 tu, ya mwaka 2017. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mwa Kenya, lilisimamishwa karibu na El Wak na wapiganaji wa Al-Shabaab, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama waliwavika wenzao Wakristo mitandio yao, wakawaambia wauaji: tuueni sote au tuacheni. Mwaka mmoja nyuma yake, Novemba 2014, katika njia za huko huko abiria 28 walikuwa wameuawa baada ya kutengwa. Kwa hiyo waliokataa walijua wanalolifanya. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Filamu inatazama mambo kupitia macho ya abiria Mkristo, mwanamke aitwaye Jua, ambaye ana sababu zake za kutuogopa. Anaingia basini amebana mkoba, anakaa mbali na wenye mitandio. Uso wake ulinifundisha namna ninavyoonekana na jirani yangu anaponiogopa, na haukunitukana. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Walioitengeneza ni wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, chini ya uongozi wa Katja Benrath. Wameitengeneza kwa Kiswahili na Kisomali na kwa waigizaji wa Kenya, nami nawashukuru. Ila nilijiuliza, vipi habari hii ilipita mikononi mwetu sote, tukaisoma kwenye magazeti na kuitumiana kwenye simu, ikangoja vijana wa Hamburg? Kwa umri, ni ya wanafunzi wa sekondari kwenda juu. Ina milio ya bunduki na hofu ambayo mtoto mdogo hawezi kulala nayo.

Wengine mtaniuliza, na Bagamoyo je? Tunayo Siri ya Mtungi, tamthilia ya mwaka 2012, iliyopigwa hapa hapa kwa fedha za wafadhili wa Marekani. Nimeirudia baadhi ya sehemu zake. Cheche, mpigapicha wa mjini kwetu, ana mke mwema, Cheusi, na macho yasiyotulia. Mafunzo yake juu ya uaminifu katika ndoa na ukimwi ni ya maana, na waigizaji kadhaa ni majirani zetu. Unamtambua mtu, kisha unamkuta kesho yake gengeni. Lakini mji wenyewe ni pazia la nyuma: magofu, minazi, jahazi, machweo. Ni Bagamoyo ya mpiga picha za watalii, na dini yetu inasikika humo kama adhana ya mbali.

Nayo Bagamoyo ina kisa chake. Mtoto kutoka nchi za Manyema aliletwa pwani akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya bwana wake, akasoma, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria ambaye watu walimjia kutoka bara na visiwani. Waingereza wakamfanya liwali wa mji ule ule alioletwa akiwa bidhaa. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na ziyara yake hadi leo hujaza mji. Kutoka kwenye zawiya yake mpaka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, chuo kilichoanza mwaka 1981 na ambacho watu wa nje hutoka mbali kuja kusomea, ni mwendo wa miguu. Vijana wa chuo kile, Waislamu na wasio Waislamu, mkitaka kuisikia habari hiyo kwa wazee walioipokea kwa baba zao, njooni msikitini baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Njooni na daftari kwanza, kamera tutazungumza.